Msumari wa Shangazi Leonia

Skola amenipigia tena asubuhi hii kuniuliza habari ya msumari. Jana alipiga, juzi alipiga, na kila akipiga anaanza upya kana kwamba hatujawahi kuzungumza. Habari za Tabora, watoto hawajambo, treni ya huku inaondoka lini, halafu anakohoa kidogo na kusema, "Sasa dada, ule msumari. Niutafute huku au utakuja nao?" Nikimwambia Mpanda mjini maduka ya vifaa vya ujenzi yamejaa, anasema misumari ya siku hizi ni laini, ukiigonga inapinda. Nikimwambia basi nitakuja nao, anauliza wa nchi ngapi. Leo nimekata simu nikasingizia mtandao.

Shangazi Leonia, mama yake Skola na dada wa baba yangu, ndiye aliyenilea. Tulimzika kiangazi kilichopita, na sasa imebaki kazi ya chungu. Katika ukoo wetu mwanamke akifa, chungu alichokuwa akipikia hakirithiwi. Kinatobolewa kitako kwa msumari, kinapelekwa kwenye pango moja la Mlima Kasimbe na kuwekwa mdomo ukiangalia chini, asije mtu mwingine akakiinjika jikoni. Anayetoboa ni binti mkubwa wa nyumba, na kama binti hayupo au hajakua, wifi wa marehemu. Skola amenizidi akili na idadi ya watoto, lakini mimi nilimtangulia kuzaliwa, kwa hiyo nyundo ni yangu.

Tangu simu ya kwanza, harufu ya pango lile imenirudia puani na haitaki kuondoka. Ni mkojo wa pimbi, kinyesi cha popo, moshi wa kuni mbichi, na maharage. Najua maharage hayana kazi pangoni, na hilo nitalieleza.

Ukitoka Kasokola kuelekea Katumba unauona mlima wenyewe umesimama peke yake katikati ya mashamba, mawe juu ya mawe, na miti ya miombo imeng'ang'ania kwenye nyufa. Nyumba ya Shangazi ilikuwa chini yake kabisa. Zizi la mbuzi liliegemea jiwe la kwanza la mlima, na ukisimama zizini ukainua shingo, uliliona Pango la Vyungu hapo juu, tundu jeusi kwenye jiwe la kijivu. Mbuzi walipanda hadi pale na kushuka kabla uji wangu haujapoa. Nakuombeni mkumbuke hilo la mbuzi, kwa sababu ndilo lililokuja kunitoa machozi ya hasira.

Mama yangu alifariki kabla sijajua kutembea. Picha yake haikuwepo hata moja, maana siku mpiga picha alipopita kijijini yeye alikuwa amenipeleka kliniki, na mpiga picha hakurudi tena. Nilichopewa kumhusu kilikuwa kitu kimoja tu. Shangazi, siku akiwa na raha, alisimulia kwamba mama alifinyanga chungu chake mwenyewe kwa udongo wa mbugani. Wanawake wengine walipamba mdomo wa chungu kwa kuviringisha gunzi la mhindi, lakini yeye alibonyeza kwa kidole gumba, bonyo baada ya bonyo, kuzunguka mdomo wote. "Mama yako alikuwa na dole gumba pana," Shangazi alikuwa akisema. "Anabonyeza hivi, hivi, hivi." Nami nilikuwa naangalia dole gumba langu na kulinganisha na hewa.

Nilikitaka chungu kile kwa sababu ya yale mabonyo, na kwa sababu nyingine ambayo sikumwambia mtu. Kila siku nilimwona Shangazi akiwafunika vifaranga kwa tenga ili mwewe asiwachukue. Kitu kikifunikwa mdomo chini, ndani yake kuna mtu anahifadhiwa, hilo nililijua kwa macho. Kwa hiyo mama alikuwa chini ya chungu. Lile tundu la kitakoni nalo halikunisumbua, kwani angepumua wapi bila tundu? Nilishangaa kidogo alivyoweza kuenea, lakini watu wazima walikuwa wakisema ugonjwa ulimkondesha sana. Sikumwuliza mtu yeyote. Jambo lilikuwa wazi.

Nilitaka kwenda, nichungulie kwenye tundu lile, nimwone. Ndipo nilipokutana na masharti ya Shangazi. Sijawahi kuona mtu mwenye masharti kama yule mama. Mlima haunyoshewi kidole, unaonyeshwa kwa kidevu. Ukiwa juu huiti mtu kwa jina, unamwita "we." Haukwewi wakati mahindi yametoa mbelewele, na mahindi yakishakauka nayo ana sababu nyingine, mara upepo, mara Kwaresima. Kwaresima aliitaja bila haya yoyote. Jumapili alikaa mbele kanisani na rozari yake, na padri alipohubiri kuhusu watu wanaopeleka vitu mapangoni, yeye ndiye aliyeitikia amina kwa sauti kuliko wote. Jumatatu masharti yalirudi palepale yalipoachwa.

Kisha baba akatuma ujumbe. Alikuwa amepata kazi ya kudumu Tabora, na angekuja na treni kunichukua. Nikaona kabisa kwamba nitaondoka bila kumwona mama, na yeye atabaki pale chini ya chungu akisubiri bila kujua nimekwenda wapi. Nikagoma kula. Shangazi alinitishia fimbo, akanibembeleza kwa karanga, akaniitia mganga wa zahanati, na mwishowe akachoka.

"Haya," alisema. "Kesho tutapanda, ukamuage mama yako. Lakini utafuata ninavyosema."

Asubuhi nikawa wa kwanza kusimama zizini.

"Unakwenda wapi huko?" Shangazi aliuliza.

"Pangoni."

"Hiyo ni njia ya mbuzi. Watu wanapita kwa watu."

Njia ya watu ilikuwa upande wa pili wa mlima. Mtu anayekwenda kwa wafu, Shangazi alitueleza mimi na Skola, anauzunguka kwanza mlima wote, anapita vijiji vilivyo kando yake akiwaarifu watu kwamba anapanda, ndipo apande kutokea jua linakochomoza. Nililitazama pango hapo juu. Mbuzi mmoja alikuwa amesimama mdomoni mwake anatafuna.

Tukazunguka. Kila nyumba tuliyopita Shangazi alichuchumaa, akapiga makofi, akasalimia, akaulizia wagonjwa, akaulizia ng'ombe, akaulizia mtoto wa fulani aliyeolewa Kasekese kama amejifungua. Skola kila tulipoondoka alisema amebanwa na haja ndogo. Jua likapanda nasi tukiwa bado tambarare.

Upande wa Katumba tulimkuta Mzee Bukuru kwenye bani lake, banda la kukaushia tumbaku, anapanga majani ya tumbaku kwenye fito tayari kwa kukaushwa. Mzee Bukuru aliletwa pale kutoka Burundi akiwa tayari mtu mzima, na alikuwa akipenda kusema kwamba anaujua mlima ule kuliko meno yake. Alimtazama Shangazi, akatutazama sisi, akautazama mlima.

"Mama Skola, mnakwenda wapi na watoto?"

"Tunapanda kwenye vyungu."

"Si njia iko nyuma ya nyumba yako?"

"Ile ni ya mbuzi."

"Mimi nyie wenyeji siwawezi," alisema Mzee Bukuru huku akicheka. "Kitu kiko mgongoni kwenu, mnatembea siku nzima kuja kunisalimia mimi ndiyo mkifikie."

Nilimpenda mzee yule papo hapo. Nilidhani sasa Shangazi ataona aibu na tutageuka. Badala yake akakaa kitako. Mihogo ya kuchemsha ikaletwa, na wakaanza kuzungumzia bei ya mbolea, kisha mvua, kisha harusi ya mwaka ule ambayo wote wawili hawakuipenda. Mimi nilikula nimesimama.

"Huyu mtoto ana haraka ya nini?" Mzee Bukuru aliuliza.

"Baba yake anakuja kumchukua. Anakwenda kumuaga mama yake."

Mzee akaacha kucheka. Alinifungia mhogo mmoja kwenye jani la mgomba na kunipa mkononi. "Mpelekee," alisema. Hapo hata yeye akanithibitishia kwamba kuna mtu anayekula kule juu.

Tulipoanza kupanda, mawingu nayo yalikuwa yameanza kukusanyika. Mtu mwenye akili angekwenda moja kwa moja. Shangazi akatupitisha kwanza kwenye Pango la Popo, akatusimamisha mlangoni kwenye uvundo unaochoma macho, akatueleza jinsi mababu walivyojificha humo wakati wa vita vya zamani, na jinsi mtoto mmoja alivyokohoa. Hadithi ile nilishaisikia jikoni kila msimu wa mvua. Popo walikuwa wamening'inia wametulia, Skola amejibana, na Shangazi anasimulia polepole kama mtu aliyelipwa. Nililia. Shangazi alidhani nimemlilia yule mtoto aliyekohoa, akaridhika, akaniambia nina moyo mzuri.

Mvua ilitukuta kwenye mawe ya juu. Tulitambaa, mhogo wangu ukalowa, Skola akapoteza kandambili moja. Kisha tukazunguka jiwe kubwa na nikaliona Pango la Vyungu mbele yetu, na chini yake kabisa, padogo, bati la nyumba yetu na mbuzi zizini. Kutoka mdomoni mwa pango ulikuwa ukitoka moshi.

"Mama anapika," nikasema.

Shangazi alisimama. Uso wake sikuuelewa, na leo nauelewa vizuri zaidi kuliko ningependa. Alichuchumaa palepale kwenye maji, akapiga makofi taratibu kama inavyotakiwa, akasema, "Hodi, wenyewe. Ni mimi Leonia, nimekuja na watoto."

"Kalibuni," sauti ya mwanamke ikajibu kutoka gizani.

Shangazi aliangukia matako. Skola, ambaye siku nzima alikuwa akisubiri kichaka kizuri, alimaliza haja yake palepale aliposimama. Mimi peke yangu ndiye niliyefurahi, nikakimbia ndani.

Hakuwa mama. Alikuwa mama wa Kisukuma aliyevaa kaniki, mtoto mgongoni, na ndama wawili wamelala nyuma yake. Walikuwa wanahama na ng'ombe kutoka kaskazini, mto umejaa, mume wake yuko chini na kundi, naye amepanda kujikinga na mvua hadi maji yapungue. Alijitambulisha kuwa ni Mama Kabula. Mbele yake kulikuwa na mafiga matatu, na juu ya mafiga chungu cha maharage kinachemka. Vyungu vingine vilikuwa vimepangwa kando, vyote vimegeuzwa mdomo juu.

"Mnisamehe, mayu, nimeazima chombo," alimwambia Shangazi, akimwita mama kwa Kisukuma. Shangazi alikuwa ameingia anachechemea. "Nilikuta vyungu vingi humu nikashukuru. Kumbe vyote vimetoboka. Najaza maji hiki, kinavuja. Najaza hiki, kinavuja. Hiki kimoja tu ndiyo kizima."

Nilimwangalia Shangazi nione atakavyomla nyama huyu mgeni. Mtu anayetukataza hata kuunyoshea mlima kidole angefanya nini kwa mtu anayechemsha maharage kwenye chungu cha marehemu? Lakini Shangazi alimsahau mgeni. Alikuwa anakitazama chungu. Nami nikakitazama, na kwenye mdomo wake, katikati ya mvuke, nikaona mabonyo. Bonyo baada ya bonyo, mapana, yamezunguka mdomo wote.

Nilifikiria haraka, kadiri mtoto anavyoweza.

"Shangazi, hiki hakina tundu."

Shangazi alizidi kuyatazama mabonyo.

"Sasa mama alikuwa anapumua wapi?"

Mama Kabula alitazama huku na huku kutafuta mama yupi anayezungumziwa. Shangazi aligeuka akaniangalia muda mrefu, na nikaona anaelewa, kidogo kidogo, nilichokuwa nimekibeba kichwani miaka yote ile. Akakaa chini, kwenye mavi ya pimbi na majivu na vyote, na kanga yake nzuri.

"Mama yako hayumo humu," alisema. "Mama yako yuko makaburini, kwenye minyaa. Si nakupeleka kila mwaka tunapalilia?"

Makaburini nilipajua. Nilikuwa nikiamini pale ni kwa ajili ya padri na huku juu ndiko kwenyewe, na kwa jinsi nilivyolelewa sioni kosa langu lilikuwa wapi. Nilisimama pale na mhogo wangu uliolowa, na kwa mara ya kwanza nikajua kwamba mama amekufa. Ilikuwa siku ile, si siku nyingine.

Shangazi alilia. Hakunilaani wala kunikumbatia, alilia tu akiutazama moto. "Niliweka msumari," alisema, na alikuwa anauambia moto, siyo mimi. "Nikanyanyua nyundo. Nikasema nitatoboa nikifika juu. Nikafika juu nikakifunika hivi hivi. Alikibonyeza mwenyewe, wifi yangu. Nilikuwepo."

Yule aliyekuwa akitukataza hata kuitana kwa majina ndiye aliyekuwa amevunja sharti kubwa kuliko yote, tena akalificha, tena miaka yote akatuzungusha sisi kwa mbelewele na upepo tusiende kuliona. Hasira niliyokuwa nayo ilikosa mahali pa kukaa.

Mama Kabula sasa alikuwa ameelewa. Alishika pindo la kaniki yake akajiandaa kukiipua. "Mayu, sikujua. Nimwage?"

Shangazi akajifuta pua. "Yameiva?"

"Bado kidogo."

"Basi acha yaive."

Tulikaa tukasubiri mvua na maharage. Walizungumza, bila shaka, kwa sababu Shangazi hajawahi kukutana na mtu asiyezungumza naye. Mama Kabula alimsimulia habari ya njia na ndama waliokufa, Shangazi akamwelekeza mahali pa kuvukia mto. Mimi nilisogea kwenye chungu. Hakuna aliyenikataza. Nikachagua bonyo moja na kuweka dole gumba langu ndani yake. Lilipwaya pande zote. Chungu kilikuwa cha moto, kikaniunguza, na sikutoa mkono hadi Skola alipopiga kelele. Lengelenge lile nilikwenda nalo Tabora, na lilipopona nilinuna siku kadhaa bila baba kujua sababu.

Maharage hayakuwa na chumvi. Tulikula yote, na mhogo wa Mzee Bukuru tukamgawia mtoto wa Mama Kabula.

Mvua ilipokatika Shangazi alimwambia yule mama akitumie hadi mto upungue, kisha akirudishe mdomo chini, na vingine vile vile. Mama Kabula akauliza kwa adabu kama hawatakitoboa sasa, maana misumari ya mkokoteni wa punda anayo kwenye mizigo.

"Leo siyo siku yake," alisema Shangazi.

"Siku yake lini?" niliuliza.

"Mvua ikinyesha hakitobolewi."

Masharti yake nilikuwa nimeyashika yote kama katekisimu, na hilo sikuwahi kulisikia. Kisha akatutangulia kushuka, moja kwa moja, kwa njia ya mbuzi. Tulikuwa zizini kabla sijamaliza kukasirika.

"Na kuzunguka?" nilimwuliza.

"Kuzunguka ni kwa kwenda."

Nimerudi kwake mara nyingi tangu hapo, nikiwa msichana, nikiwa mama wa watoto, nikiwa na mvi zangu. Kila mara nilimkumbusha kwa utani chungu cha mama, na kila mara siku yake haikuwa imefika. Alikuwa amechoka, au kuna msiba jirani, au mahindi yametoa mbelewele. Niligombana naye kwa mambo mengi, kwa jinsi alivyonichelewesha kila safari, kwa simu zake ndefu zinazoanza na afya ya mbuzi. Sikuwahi kuchoka kumkasirikia, na sasa sina wa kumkasirikia ila Skola, ambaye amerithi kukohoa kwake na kila kitu.

Amepiga tena sasa hivi, wakati naandika. Anasema chungu cha mama yake, kile cha kupikia kunde, amekiosha na kukianika uani, na amekiona kina ufa mdogo mdomoni pale alipokuwa akigonga mwiko. Nilimwambia naukumbuka ufa ule. Skola akakohoa kidogo.

"Sasa dada," akasema. "Msumari."

"Nunua huko huko," nikamwambia. "Ile ile inayopinda."